Anayesimamia Biashara na Aujue Mfumo Wake

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi huingia katika mashauri. Mzazi anauliza kozi ipi ina ajira, kijana anataja zile zenye jina la kompyuta, na siku hizi mojawapo inayotajwa sana ni ile ya mifumo ya taarifa za biashara. Nafurahi kuisikia ikitajwa. Lakini vijana wengi walioichagua wanaamini wanakwenda kusomea mashine, na wenye maduka na mameneja wengi wanaamini somo hilo si lao, ni la kijana wa kompyuta aliyeajiriwa kukaa chumba cha nyuma. Ninaandika kuwaambia wote wawili kwamba wamekosea. Kosa hili linatugharimu fedha, linatugharimu kazi, na mahali pengine limewagharimu watu wasio na hatia uhuru wao.

Wazee wetu wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikijua wanachokisema. Tajiri wa pwani aliyetoa bidhaa kwa mali kauli, yaani kwa mkopo wa kuaminiana, zikaenda bara mikononi mwa mchuuzi, alikuwa na mfumo wa taarifa kabla umeme haujafika mjini kwake. Alijua nani kachukua nini, kwa bei gani, amedhaminiwa na nani, na anatazamiwa kurudi lini. Daftari, mjumbe na kumbukumbu za watu vilimwezesha kuamua amwongezee nani na amzuie nani. Kusimamia biashara ni kuamua mambo ya namna hiyo kutwa nzima, na kila uamuzi unangoja habari iliyo kweli, iliyofika mapema, iliyomfikia mtu anayehusika. Kompyuta imeiharakisha safari ya habari hiyo. Haijamwondolea meneja wajibu wa kujua anahitaji habari gani.

Tazameni kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi ya biashara ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa wauza chai na keki. Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilikuwa na mikahawa zaidi ya 200, viwanda vya mikate, na makarani wengi mno wa kujumlisha bili ndogondogo za kikombe cha chai na kipande cha keki. Faida ya kila bili ilikuwa ndogo hata gharama ya kuiandika tu iliweza kuimeza. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1930 kampuni ilikuwa na ofisi maalumu ya kuchunguza kazi za makarani wake: karatasi hii inatoka wapi, inakwenda kwa nani, inasaidia kuamua nini, na ikiondolewa nani ataathirika. Mwaka 1947 ikawatuma maofisa wawili Marekani kuangalia ofisi za huko. Wakiwa huko wakakutana na wataalamu wa mashine mpya za kukokotoa, wakatambua kwamba hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta. Waliporudi, kampuni ikachangia kazi ya Chuo Kikuu cha Cambridge kilichokuwa kikijenga kompyuta yake, kisha ikajenga ya kwake, ikaiita LEO. Novemba 1951 mashine hiyo ilianza kazi ya kila wiki ya kukokotoa thamani ya mikate na keki.

Kazi ya LEO ninayoipenda kuliko zote ilifuata baadaye, ya kugawa vyakula mikahawani. Kila msimamizi wa mkahawa, na wengi wao walikuwa wanawake, alikuwa na oda yake ya kawaida iliyowekwa tayari. Kila siku alipigiwa simu, naye akataja mabadiliko tu: hiki ongeza, kile punguza. Karani aliyempigia alikuwa akitoboa kadi huku akimsikiliza. Kadi zikaingia mashineni, zikatoka orodha za kuandaa na kufungasha bidhaa za kila mkahawa. Hebu fikirini mambo ambayo mtu alilazimika kuyajua ili abuni utaratibu huo. Alijua kwamba oda ya leo haitofautiani sana na ya jana, kwa hiyo ni upotevu kuiandika upya yote. Alijua kwamba anayewafahamu wateja ni mama aliyesimama mkahawani, wala si bwana aliyekaa makao makuu. Hakuna kitabu cha kompyuta kilichomfundisha hayo. Yalitokana na miaka mingi ya kuichunguza kazi yenyewe, na mashine ilipokuja ilikuta watu wanaojua wanataka kuitumia kwa lipi.

Nasi tuna historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye jitihada za kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta zikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wataalamu wetu wenyewe wa kazi hiyo walikuwa wachache sana wakati ule. Marufuku ilikuja kulegezwa, lakini tulikuwa tumekwisha kupoteza miaka ambayo wahasibu na makarani wetu wangejifunza kidogo kidogo. Mimi nasema kilichokosekana mwaka 1974 ni watu wanaojua hesabu za serikali na kuijua kompyuta kwa pamoja, kichwa kimoja kikibeba mambo yote mawili. Watu wa namna hiyo mpaka leo hawatutoshi.

Mfano mwingine uko jirani, na kila msomaji anautumia bila kujua asili yake. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio Nairobi na Thika pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Nia yao kuu ilikuwa hii: mkopaji alipe rejesho lake kwa simu, kupitia wakala, badala ya kubeba fedha taslimu. Majaribio yakaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mpango ule uligongana na kazi ya Faulu yenyewe, kwa sababu mikopo ya vikundi husimama juu ya mikutano, ambapo wanachama huonana na kubanana, tena kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya taasisi kulikuwa na taabu. La pili ni kwamba watu walikuwa wakiitumia huduma kwa mambo ambayo hakuna aliyewaambia: kulipana wao kwa wao katika biashara, na kuweka fedha upande mmoja ili wazitoe upande wa pili, wasisafiri nazo mfukoni.

Hapo ndipo ningependa kila mwanafunzi wa somo hili asimame na kutafakari. Wasimamizi wa mradi wangeweza kusema wateja wanakosea, wafundishwe upya. Walitazama wanachofanya watu, wakakisoma, wakaubadili mpango mzima. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya kwa ajili ya kutumiana fedha, marejesho ya mikopo yakawekwa pembeni. Mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Mitambo ya simu ilikuwapo, kompyuta zilikuwapo, na nchi nyingine zilikuwa na bora zaidi. Mafanikio ya M-Pesa yalitokana na mtu aliyekubali kwenda kukaa na mawakala na wateja, akaangalia, akauliza, akaandika.

Na wale wasiotaka kuangalia? Ndugu msomaji, habari ya posta ya Uingereza inaniuma kila nikiikumbuka, na nataka ikuume nawe. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko liliweka mfumo wa hesabu uitwao Horizon katika matawi yake. Matawi mengi yaliendeshwa na watu wa kawaida, wenye duka dogo lenye dirisha la posta ndani yake. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Msimamizi wa tawi akifunga hesabu jioni anakuta anadaiwa maelfu ya pauni, na mkataba unamtaka afidie. Wakipiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama hilo. Watu wakauza nyumba zao. Watu zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, baadhi yao wakafungwa, na wengine wakafa kabla ya kusafishwa jina. Mwaka 2019, katika kesi ya walalamikaji 555 walioongozwa na mwenzao Alan Bates, Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo. Mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu.

Wakubwa wa shirika lile walikuwa watu waliosoma. Walikuwa na wanasheria na wakaguzi. Walichokosa ni uwezo na nia ya kuuhoji mfumo wao wenyewe: takwimu hii imepatikanaje, nani anaweza kuibadilisha akiwa mbali, na kwa nini watu waaminifu kwa miaka ishirini wageuke wezi katika mwaka mmoja? Meneja anayesema "mimi hayo ya kompyuta siyajui" anatangaza kwamba siku mashine ikimsingizia mfanyakazi wake, yeye atasimama upande wa mashine. Hilo si jambo dogo. Kwetu watunza ghala na watu wa kaunta hukatwa mshahara kwa upungufu ulioonyeshwa na mfumo, na ni nadra kumwona bosi akiuliza kama mfumo wenyewe unajua kuhesabu.

Maana mara nyingi haujui. Chukulia duka la jumla la vyakula. Mchele unaingia kwa gunia, unatoka kwa gunia, kwa kilo na kwa robo. Gunia lililoandikwa kilo mia likipimwa huenda likapungua, mwingine unamwagika, panya nao wana fungu lao, na jirani amechukua kilo tano atalipa mwisho wa mwezi. Muuza programu amekuja na mfumo uliotengenezwa kwa bidhaa zinazouzwa moja moja, kama sabuni. Mwenye duka amelipa, amesaini, amerudi kwenye shughuli zake. Baada ya miezi michache utamkuta muuzaji ana vitabu viwili: kile cha kwenye kompyuta cha kumridhisha bosi, na daftari la chini ya kaunta lenye ukweli. Ukilikuta daftari hilo usimgombeze muuzaji. Kaa naye chini, lisome ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu humo ndimo yalimoandikwa yote ambayo mtengeneza mfumo hakuyauliza.

Wenye biashara, kwenu nina ombi. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, ziko Tanzania tangu mwaka 2010, na wengi wenu mnaziona ni mali ya Mamlaka ya Mapato (TRA) iliyolazwa juu ya kaunta yenu. Jioni ripoti ya Z, yenye jumla ya mauzo ya siku, inachapwa, inatupwa sandukuni mpaka wino ufutike. Miamala ya lipa namba nayo inakaa kwenye simu, inatazamwa siku ya ugomvi tu. Humo mna majibu ya maswali yanayowanyima usingizi. Bidhaa gani imelala rafuni kwa miezi mitatu imeshika mtaji? Nani unamdai, na deni lake lina umri gani? Wiki ipi ya mwezi fedha taslimu hukauka, na kwa nini unaagiza mzigo wiki hiyohiyo? Asiye na kompyuta aanze na daftari lenye mistari. Aliyezoea kuuliza maswali haya katika daftari atajua la kumwambia mtengeneza programu, na hatauziwa kitu asichokihitaji.

Enyi vijana mnaolisoma somo hili, msiidharau hesabu ya debiti na krediti. Kuna wanafunzi wanaojua kuandika programu vizuri kabisa lakini hawawezi kueleza kwa nini duka lenye faida vitabuni linashindwa kulipa kodi ya pango. Kijana wa namna hiyo atajenga mfumo mzuri wa kutazama lakini usiomsaidia mtu. Jifunzeni hifadhidata, jifunzeni kulinda taarifa za wateja, na jifunzeni pia jinsi stakabadhi inavyotembea kutoka lango la ghala mpaka meza ya mhasibu. Mkulima wa korosho wa Mtwara anayeuza kupitia ushirika kwa stakabadhi ghalani analipwa au anacheleweshwa kwa uzito ulioandikwa kwenye karatasi moja. Anayeunda mfumo wa ushirika bila kusimama siku nzima penye mizani ya kupimia korosho hizo, asikie wakulima wanavyobishana na mpimaji, amejenga gizani.

Wapo wanaosema kompyuta inawanyang'anya watu kazi, na sisi ajira hatuna za kuchezea. Siwapuuzi. Karani aliyekuwa akinakili bili kutwa hana nafasi tena, na ni kweli wapo watakaoumia. Lakini karani huyo ndiye anayejua kwa nini bili za Jumatatu huwa na makosa, mteja gani hubadilisha oda dakika ya mwisho, na gari lipi huchelewa. Kumfukuza siku mfumo unapowashwa ni kuitupa elimu ya biashara nje pamoja naye. Mfundisheni yeye kwanza, kabla ya kutafuta mgeni, na mlipeni kwa anachokijua.

Wakuu wa vyuo, neno langu la mwisho ni lenu. Mafunzo kwa vitendo yamekuwa ya kutumwa chai na kupigiwa muhuri kitabu. Mpelekeni mwanafunzi katika biashara moja ya kweli, hata kama ni duka la dawa la mtaani au chama cha akiba na mikopo, akae humo muhula mzima. Ahesabu mali kwa mkono. Afuate deni moja tangu lilipoanza mpaka lilipolipwa. Aandike wapi habari hupotea njiani na inamgharimu nani. Kisha aruhusiwe kuwasha kompyuta, na ripoti yake isahihishwe na wawili: mwalimu wake, na mwenye duka.