Tozo isiyouliza faida humla mchuuzi mtaji

Mchuuzi wa viazi wa Kariakoo hasomi Muswada wa Sheria ya Fedha. Anachojua ni kwamba kila Juni, Waziri wa Fedha akishasoma bajeti Dodoma, kitu fulani hubadilika katika daftari lake: nauli ya lori, bei ya dizeli au makato ya simu. Bajeti ya mwaka 2021/22 iligusa vyote kwa mpigo mmoja, na somo lake halijapitwa na wakati.

Bajeti hiyo iliongeza Sh. 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara. Kisha, kuanzia Julai 15, 2021, ikaja tozo ya kati ya Sh. 10 na Sh. 10,000 katika kila muamala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, kutegemea kiasi. Serikali ilieleza kuwa fedha hizo zingejenga madarasa, vituo vya afya na barabara za vijijini. Hakuna mfanyabiashara anayepinga barabara. Viazi vikioza njiani, hasara ni yake. Tatizo lilikuwa ni mahali kodi ilipopigwa.

Tuchukue mfano. Mchuuzi ana mtaji wa Sh. milioni 1 na kila mzigo humwachia faida ya Sh. 40,000. Makato ya Sh. 5,000 katika kumtumia fedha wakala wake Njombe ni nusu ya asilimia moja tu ya muamala, na kwa mtu wa ofisini hayo ni madogo. Lakini kwa mchuuzi ni asilimia 12.5 ya faida yake. Mtaji huo huo ukizunguka mara nne kwa mwezi, unakatwa mara nne, na wakala naye anakatwa anapozitoa. Kodi inayotozwa kwenye faida huuliza kwanza kama mtu amepata faida. Tozo haiulizi, hata aliyekula hasara hulipa.

Juu ya hapo kuna lori. Lori linalotumia lita 200 kwenda na kurudi lililipa Sh. 20,000 zaidi. Likibeba magunia 80, hiyo ni Sh. 250 kwa gunia. Mwenye lori humpa mchuuzi mzigo huo, mchuuzi humpa mama lishe, na mama lishe hapandishi bei. Hupunguza vipande katika sahani. Hapo ndipo sera ya uchumi inapokutana na mwananchi wa kawaida.

Matokeo yalikuwa ya kutabirika. Wengi walirudia fedha taslimu, na bahasha zikarudi mikononi mwa madereva na makondakta wa mabasi. Simu ilikuwa imemwondolea mchuuzi hatari ya kuporwa na gharama ya safari. Tozo ikamrudisha alikotoka. Uganda ilikuwa imekwisha kuonyesha njia hiyo inakoelekea: mwaka 2018 ilianzisha kodi ya asilimia 1 katika miamala ya simu, na kabla ya mwaka kwisha ikaipunguza hadi nusu ya asilimia, kwa kutoa fedha tu.

Kwa Tanzania, marekebisho yalichukua muda. Septemba 2021 viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi Sh. 4,000, lakini tozo ikapanuliwa hadi benki. Malalamiko yakazidi, na Oktoba mwaka huo sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ikaondolewa. Bajeti ya 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma na kuiacha ya kutoa.

Hatua ya mwisho ilikuwa na mantiki, kwani inamshawishi mtu aiache fedha ndani ya simu. Hata hivyo, mantiki hiyo inafaa pale tu muuzaji wa jumla, mwenye lori na mkulima wote wanapokubali kulipwa kwa simu. Mkulima anayedaiwa na vibarua wanaotaka noti mkononi hana hiari.

Mabadiliko manne katika miaka miwili yaliumiza kuliko viwango vyenyewe. Mfanyabiashara anaweza kuzoea gharama kubwa anayoijua. Hawezi kupanga bei juu ya gharama inayohamahama. Serikali inayohitaji mapato haina budi kupanua wigo wa walipa kodi wa faida, na kabla ya kutoza mzunguko wa fedha, ipime kwanza ni nani atakayeacha kuzungusha.

Mwekezaji mdogo naye ana la kujifunza. Aliyenunua hisa za Vodacom Tanzania zilipouzwa kwa umma mwaka 2017 alinunua pia sehemu ya biashara ya M-Pesa, na tozo iliyomkimbiza mchuuzi ilimgusa yeye. Hesabu za kampuni pekee hazitoshi. Muswada wa Juni husomwa sambamba nazo.

Na kwa mchuuzi, daftari liwe na safu ya makato ya simu na safu ya usafiri, kila moja peke yake. Asiyejua kinachokula faida yake atamlaumu mteja, kumbe mlaji yuko kwingine.