Sabasaba ilikuwa sikukuu ya mkulima. Leo mchicha wa Dar unaoneshwa Morogoro

Kila mwishoni mwa Juni, daladala za barabara ya Kilwa hujaa watu wanaoshuka Sabasaba. Wanakwenda kuangalia magari, simu na samani, wengine wanafuata nyama choma na picha za kuweka mtandaoni. Kwa vijana wengi wa Temeke na Kinondoni, Julai 7 ni siku ya biashara, basi.

Wazee wao wanaikumbuka tofauti. Kwa miaka mingi siku hiyo iliitwa Sikukuu ya Wakulima.

Jembe lilipohama

TANU ilizaliwa Dar es Salaam Julai 7, 1954. Baada ya uhuru tarehe hiyo ikawa sikukuu ya taifa. Chama kilijitambulisha kuwa cha wakulima na wafanyakazi: wafanyakazi walikuwa na Mei Mosi, wakulima wakawa na Sabasaba.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarudi. Siku ya kuzaliwa ya chama kimoja haikukaa tena vizuri kama siku ya wakulima wote, wakiwemo wasio na kadi ya chama hicho. Ndani ya miaka hiyo ya 1990, sherehe za wakulima zikahamia Agosti 8, yaani Nane Nane. Julai 7 ikabaki siku ya mapumziko, ila jina la mkulima likaondoka na biashara ikashika nafasi.

Viwanja vya Temeke vikabaki na Maonesho ya Biashara ya Kimataifa. Wakulima wakapangiwa maonesho kwa kanda: Themi kule Arusha, John Mwakangale Mbeya, Nyamhongolo Mwanza, Ngongo Lindi. Dar es Salaam iliwekwa Kanda ya Mashariki pamoja na Pwani, Tanga na Morogoro, na maonesho yake hufanyika Morogoro. Cha ajabu, viwanja vyote viwili, vya Temeke na vya Morogoro, vimepewa jina la Mwalimu Nyerere.

Nani anaweza kwenda?

Dar inalima, hata kama wengi hawaioni hivyo. Matembele, bamia na mchicha unaouzwa Tandale au Stereo, Temeke, sehemu yake hutoka humuhumu jijini: mabondeni, kandokando ya mito, na kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga.

Mchicha huvunwa ndani ya wiki tatu au nne tangu kupandwa, na jua la Dar linautaka umwagiliwe asubuhi na jioni. Mtu anayeishi kwa matuta kumi hawezi kuyaacha wiki nzima akae kwenye banda Morogoro, karibu kilomita 200. Kwa hiyo wanaofika ni maofisa wa halmashauri, wakulima wachache waliochaguliwa, na wenye uwezo wa kujilipia.

Usafiri umerahisika. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na safari haifiki saa mbili. Sasa mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini siku moja inatosha kutazama tu, haitoshi kujifunza.

Na ya kujifunza yapo. Kwenye vipando utaona umwagiliaji wa matone, mboga zilizooteshwa kwenye viroba, sungura na kuku kwenye eneo dogo kama uwanja wa nyumba ya Sinza. Hayo ndiyo yanayomfaa mtu wa mjini kuliko trekta.

Kisichooneshwa bandani

Tatizo kubwa la mkulima wa Dar ni ardhi, na hilo haliwezi kuwekwa kwenye kipando.

Serikali ilishakitambua kilimo cha mjini. Kanuni za mwaka 1992 zilikiruhusu na kuweka ukomo wa ekari 3 kwa mtu. Ila ruhusa ya kulima haimpi mtu mahali pa kulima. Boko, Bunju, Chamazi na Toangoma zinazidi kujaa nyumba. Mwenye kiwanja akishusha tofali, bustani inaondoka, na aliyeilima hana karatasi wala fidia.

Mkulima huyo hata akipewa mbegu bora na mafunzo ya matone, atafunga vipi mipira ya maji kwenye eneo analoweza kufukuzwa kesho? Ndiyo maana wengi wanabaki na ndoo na keni. Siyo kwamba hawajui teknolojia. Wanapiga hesabu ya hasara.

Halmashauri zina njia mbili za kuanzia. Moja ni kuuleta mfano karibu: vipando vya kudumu kwenye shule na ofisi za kata, ambako mtu atapita akishamaliza kumwagilia. Ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kutenga maeneo ya kilimo kwenye ramani za mipango miji na kuyalinda yasijengwe.

Nane Nane ijayo, ukifika kwenye banda la halmashauri yako, uliza mambo mawili: mbegu hii inauzwa wapi Dar, na ni eneo gani la kata yangu limetengwa kwa kilimo? La kwanza utajibiwa palepale. La pili, omba uoneshwe kwenye ramani.