Aliyeondolewa Hakuacha Mila



Methali isemayo «Mwacha mila ni mtumwa» tunaitumia upesi mno, hata juu ya watu ambao hawakuacha kitu. Tunawafikiria watoto wa Korea Kusini waliopelekwa ng'ambo kulelewa na wazazi wengine. Safari hizo zilianza baada ya vita vya 1950 hadi 1953, zikaendelea hata nchi ilipokwisha kujaa viwanda; mwaka wa 1985 peke yake waliondoka zaidi ya 8,000. Kwa jumla wanakadiriwa kufikia 200,000. Wengi walikwenda Marekani, wengine Ufaransa, Ubelgiji na nchi za Skandinavia. Leo ni watu wazima, na wengi wao hurudi kuwatafuta waliowazaa.

Toby Dawson ni mmoja wao. Alipotea utotoni huko Busan, akalelewa Marekani, na mwaka wa 2006 akapata nishani ya shaba ya kuteleza juu ya theluji katika Michezo ya Olimpiki. Mwaka uliofuata alikutana na baba yake. Walikumbatiana, lakini kukumbatiana hakuhitaji mkalimani, na mazungumzo yanamhitaji.

Kwa Wakorea mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu. Mwanamke humwita dada yake mkubwa eonni na kaka yake oppa. Mwanamume ana maneno mengine kwa ndugu haohao, na vitenzi navyo hubadilika kwa kadiri ya heshima. Kwetu jambo hili halishangazi: nani kati yetu angethubutu kumwita shangazi yake kwa jina? Lakini aliyekulia Minnesota amefundishwa kwamba jina ni ukaribu. Anapokea kikombe cha mzee kwa mkono mmoja, bila nia mbaya, na meza nzima inanyamaza. Mama anamwekea kipande cha samaki juu ya wali wake, kisha kingine, naye anaona anafanywa mtoto mchanga. Mama hana neno ambalo mwanawe angelifahamu, kwa hiyo anamlisha.

Wako wasemao kwamba damu ni nzito kuliko maji, basi mengine yatajipanga yenyewe. Hatukubaliani nao. Damu haifundishi lugha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa na wengine. Kwa maoni yetu, wajibu wa kujifunza uwaangukie kwanza waliobaki nyumbani, kwa maana wao wana lugha, ndugu, picha na makaburi, na mgeni ana bahasha ya karatasi tu.

Tena karatasi zenyewe! Watoto wengi waliandikwa kuwa mayatima hali wazazi wao walikuwa hai, ili safari iwe nyepesi. Mwezi wa Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitamka kwamba haki za watoto hao zilivunjwa na kwamba serikali inawajibika. Mwezi wa Oktoba Rais Lee Jae-myung aliomba radhi. Na bado mtu huyo huambiwa: «Shukuru, ulipata maisha mema.» Huenda anashukuru, na anawapenda waliomlea. Lakini shukrani hiyo si deni la kudaiwa na watu wa kando.

Sisi wa Kongo tusiyasome haya kama habari za mbali. Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliihukumu Ubelgiji kwa ajili ya wanawake watano machotara, waliochukuliwa kwa mama zao wakati wa ukoloni na kuwekwa katika misheni ya Kikatoliki. Jambo hili nalo linafaa kusemwa katika vikundi vyetu, wala tusilipite kwa haraka.

Linabaki neno juu ya mama. Wengi wa waliowatoa watoto katika miaka ya 1980 walikuwa wasichana wasioolewa, waliolemewa na aibu ya jamii. Baadaye wengine waliolewa, wakaficha. Mwana anaporudi, mama wa namna hiyo huenda akakubali kumwona mara moja tu, mbali na nyumbani, na mwana akapanda ndege bila kuwajua wadogo zake. Ni uchungu mkubwa. Hata hivyo hatuthubutu kumlaumu mama. Jamii iliyomfundisha kuficha ndiyo tungeiuliza kwanza, na mwanawe tungempa ruhusa ya kukasirika.