Msiwalaumu Vijana, Laumuni Msimbo

Kuna hotuba moja ambayo nimechoka nayo. Utaisikia kanisani, msikitini, kwenye baraza la chifu na redioni: vijana wa siku hizi hawana nidhamu, simu zimewaharibu, hawalali, hawasomi. Kisha msemaji anatoa dawa yake ya pekee: jizuieni! Basi, kazi imekwisha, anaketi.

Mimi ni mtayarishaji wa programu. Nilisomea sayansi ya tarakilishi na ugali wangu unatokana na kuandika msimbo. Kwa hivyo niruhusuni niseme jambo ambalo wasemaji hao hawaligusi: simu haikuwa hivyo kwa bahati mbaya. Imeundwa iwe hivyo.

Chukua ukurasa usiokwisha. Zamani ukifika chini ulibofya ili kwenda ukurasa wa pili. Pale palikuwa na nafasi ya kujiuliza, je, niendelee? Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni mbinu ya kupakia habari mpya kabla msomaji hajafika mwisho. Baadaye alijutia hadharani jinsi ilivyotumiwa. Kwetu sisi watayarishaji ni mistari michache tu ya msimbo. Kwa mtoto wa miaka 14 aliye kitandani saa sita usiku, ni shimo lisilo na kina. Ongeza video zinazojianzisha zenyewe na arifa kila mtu akiipenda picha yake. Halafu mwambie ajizuie! Upande mmoja yuko yeye na usingizi wake. Upande wa pili kuna wahandisi wanaopima kila sekunde anayokaa. Je, hiyo ni haki?

Hebu tuzungumzie usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Akizikosa, anakuwa mwepesi wa hasira, masomo hayashiki, na huzuni humwingia kwa urahisi. Hapa kwetu kuna mtego wa ziada: bando. Bando ya saa moja huisha uitumie usiitumie, kwa hivyo kijana anakaa nayo mpaka dakika ya mwisho ili pesa zake zisiende bure. Bando za usiku nazo zimekuwa zikiuzwa kwa bei nafuu, kwa hivyo asiye na pesa anangoja wengine walale. Huyo si mtovu wa nidhamu. Anajua hesabu vizuri sana!

Najua kuna atakayeniuliza, mbona wewe mwenyewe ulijifunza mengi mtandaoni? Kweli, na sitaki intaneti izimwe. Ni kweli pia kwamba wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa madhara. Lakini mwaka 2021 Frances Haugen alitoa nyaraka za ndani za Facebook, na mojawapo ilisema kuwa Instagram inazidisha masumbuko kuhusu umbo la mwili kwa msichana mmoja kati ya watatu. Kampuni ikajibu kwamba matokeo hayo yamefasiriwa vibaya. Sawa. Kwa nini basi yalifungiwa kabatini?

Wengine watasema haiwezekani kubadilisha programu hizi. Uongo! Uingereza ilianza kutekeleza kanuni za kuwalinda watoto mtandaoni mnamo Septemba 2021. Mwezi mmoja kabla ya hapo, YouTube ilitangaza kuwa itazima video zinazojianzisha kwa watumiaji wa miaka 13 hadi 17, na TikTok ikatangaza kuwa walio na miaka 13 hadi 15 hawatatumiwa arifa kuanzia saa tatu usiku. Kilichokuwa hakiwezekani kikawezekana mara tu sheria ilipobisha hodi.

Sisi je? Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inasema data ya mtoto itumiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Vyema! Ikiwa shule inaweza kutozwa, kampuni inayotumia data ya mtoto huyo huyo kumkesheza inaachwaje?

Mteja mmoja aliwahi kunitaka niweke arifa za saa tano usiku, kwa sababu "wakati huo vijana wako peke yao". Nilikataa. Akapata mwingine siku hiyo hiyo. Ndiyo maana dhamiri ya mtu mmoja haitoshi, tunahitaji sheria.

Nadai mambo matatu. Arifa zizimwe usiku tangu siku ya kwanza, kwa kila mtumiaji, maana watoto hudanganya umri. Anayezitaka aziwashe mwenyewe. Ukurasa uwe na mwisho. Na bando niliyoilipia isiishe kabla sijaitumia.

Wenzangu watayarishaji, hakuna hata moja kati ya hayo litakalotushinda kuandika. Na ninyi mnaopenda kuhutubia vijana, nendeni mkawahutubie walioagiza msimbo huo.