Selimundu Haiulizi Kabila

Wageni wafikapo Kariandusi huonyeshwa mashoka ya mawe aliyoyachimbua Louis Leakey, kisha huenda zao. Ni wachache waambiwao kwamba Anthony Allison, mtafiti aliyeifumbua siri kubwa ya ugonjwa wa selimundu, alilelewa papa hapa jirani, Gilgil. Mwaka 1949 alipima damu ya jamii mbalimbali za Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta mahali ambapo zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba urithi wa selimundu. Nyanda za juu hakufika hata mmoja. Mwaka 1954 akaeleza sababu: aurithiye kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Aurithiye kwa wazazi wote wawili ndiye ateswaye. Himoglobini yake, ile protini ichukuayo oksijeni, ikishaitua hugandamana ikawa nyuzi ngumu. Chembe ya damu ikapindika mithili ya mundu na kuziba mishipa. Lakini himoglobini ya mtoto aliye tumboni haijiungi na nyuzi hizo. Hapo ndipo ifaapo haidroksiurea, molekuli ndogo mno, ambayo huuchochea mwili uitengeneze tena himoglobini ile ya awali. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na hata vifo. (Voxelotor, iliyoishika himoglobini yenyewe, iliondolewa sokoni na watengenezaji wake mwaka 2024.)

Nasikitika kuwasikia watu humu Bondeni wakisema kuwa huo ni ugonjwa wa Pwani na Nyanza. Je, reli na mashamba ya maua ya Naivasha hayakuwaleta watu wa kila pembe? Watoto wao wamo madarasani mwetu. Mwanafunzi aliaye viungo asubuhi ya baridi huitwa mvivu, naye labda anahitaji maji ya kunywa, sweta, na ruhusa ya kwenda hospitali.

Nazisihi serikali za kaunti, hata hizi za nyanda za juu, zipime damu ya kila mtoto azaliwaye, na haidroksiurea isikosekane katika hospitali zao. Nanyi walimu wa biolojia, mkifundisha urithi, mtajeni Allison wa Gilgil.