Yule Bibi Alikuwa Kwao

Ile picha wengi mmeiona. Mwaka 2015, kijiji cha wavuvi cha Skala Sykamnias, kisiwa cha Lesbos huko Ugiriki: bibi watatu wameketi kwenye benchi, mmoja anamnywesha maziwa mtoto mchanga wa Kisiria ambaye familia yake imetoka kuvuka kwa boti. Mwaka uliofuata mmoja wao akapendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Sisi tukionyeshwa picha hiyo tunaambiwa: oneni moyo wa huruma!

Mimi nasema hadithi hiyo imekatwa kichwa.

Wale bibi ni watoto wa wakimbizi. Mama zao walivuka maji hayohayo, kilomita kama kumi tu, kutoka Uturuki baada ya vita ya 1922. Mwaka 1923, kule Lausanne, serikali mbili zikakubaliana kubadilishana watu kama mbuzi mnadani: Wakristo zaidi ya milioni moja wawe wa Ugiriki, Waislamu laki kadhaa wawe wa Uturuki. Hakuna aliyeulizwa anapenda wapi. Wapo wenyeji waliowatukana wageni hao kuwa ni mbegu za Waturuki. Lakini mkataba uleule ulisema ukifika tu, wewe ni raia. Wengi wakapewa mashamba na nyumba, nyingine (tusifichane) zilizoachwa na Waislamu waliofukuzwa.

Kwa hiyo yule bibi hakuwa mgeni anayemsaidia mgeni. Alikuwa kwao. Benchi ni la kijiji chake, na hakuna ofisi ya kumuuliza kibali cha kukaa pale.

Bandarini hapo kuna kanisa dogo juu ya mwamba, la Bikira Maria Nguva. Stratis Myrivilis, mzaliwa wa huko, aliwaandikia wakimbizi wale riwaya yenye jina hilo, ikatoka 1949. Na nguva wa Wagiriki ana kisa chake. Ni dada wa Aleksanda Mkuu. Anashika meli, anauliza: mfalme Aleksanda yu hai? Ukijibu amekufa, mnazama wote. Ukijibu yu hai na anatawala, mnapita. Kila baharia anajua jamaa alikufa zamani sana. Jamani, nani hapa hajawahi kukaa kwenye mahojiano akaulizwa swali la nguva? Ukweli unaujua, lakini unatafuta jibu linalopitisha meli.

Kisiwa hichohicho ndicho chenye Moria, kambi iliyoungua 2020 ikiwa na watu zaidi ya 12,000, Wakongo wenzetu wakiwemo. Bahari ileile, karatasi tofauti.

Msituambie kwamba karatasi haiwezekani. Tanzania ilitangaza uraia kwa Warundi wa 1972 zaidi ya 160,000, mwaka 2014. Waliokuwa wakilima Katumba na Mishamo wakaacha kuitwa wakimbizi.

Ndugu zetu wa mashirika, semina za huruma zimetutosha. Kati ya vijana ninaofanya nao kazi wapo waliozaliwa humuhumu kambini, sasa nao wana watoto, na kwenye karatasi za watoto hao bado imeandikwa mkimbizi.