Tuchore Kilichomo Ndani ya Msimbo

Oktoba 2018 ilifichuliwa kwamba libssh, maktaba ya programu ya kujengea seva za mawasiliano salama na programu za wateja wanaoziunganikia, ilikuwa na mlango wazi tangu toleo la 0.6 la mwaka 2014. Mvamizi hakuhitaji nenosiri. Badala ya kuomba kuthibitishwa, alituma ujumbe wa "uthibitisho umefaulu", ambao kwa kanuni hutumwa na seva peke yake. Seva ikamwamini, ikamfungulia.

Msimbo huo ulikuwa hadharani miaka yote minne. Lakini hata ungeusoma kipande kimoja kimoja, usingeona kosa. Kipande kilichopokea ujumbe huo kilikuwa sahihi kabisa kwa upande wa mteja. Seva nayo ilikitumia kilekile, na hakuna palipohojiwa kama ujumbe huo unaruhusiwa katika hatua iliyopo. Kosa lilikaa kwenye mpito kutoka "hajathibitishwa" hadi "amethibitishwa", na mpito wa namna hiyo hujificha mpaka mtu auchore.

Kwa hiyo tunataka kila mwenye programu kongwe inayobeba fedha au siri za watu achore mashine yake ya hali, yaani hali zote za programu na mishale ya mipito kati yake, kutoka kwenye msimbo wenyewe. Hati za usanifu hazitoshi. Mwaka 2015 Joeri de Ruiter na Erik Poll walipima programu 9 zinazotekeleza itifaki moja ya mawasiliano salama, TLS, wakapata mashine 9 zisizofanana. Tatu zilikuwa na kasoro mpya za usalama.

Kazi yenyewe ni ngumu, na anayeiagiza ajue hivyo. Hali ikitunzwa katika kigeu kimoja, unatafuta kila mahali kinapobadilishwa na kwa sharti gani, kisha unachora mshale. Programu nyingi kongwe, hata hivyo, zimeitawanya hali katika vigeu vya ndiyo na hapana. Vigeu 10 tu vina michanganyiko 1,024, na mingi hakuna aliyewahi kuifikiria. Zana za uchambuzi huweza kuondoa mingi isiyofikika. Kuamua mshale upi ni halali kunabaki kwa anayeijua huduma, naye apewe muda wa kutosha na malipo yake.

Mchoro ukishapatikana, utunzwe pamoja na msimbo na ulinganishwe nao kila toleo jipya linapotoka. Toleo lenye mshale usioelezeka lisiwashwe.